Matanga ya Aliye Hai

Wamaza, 12 Februari 1956

Yaya Grégoire, mtoto wa kwanza wa mama yetu,

Nakusalimu wewe, namsalimu wifi yangu Emilienne, nawasalimu watoto wenu mmoja mmoja mpaka yule mdogo asiyependa kusalimiwa. Sisi huku tupo. Mume wangu Ismaël ni mzima, ila pamba imemkondesha. Bwana agronomu, yule msimamizi wa pamba wa serikali, alipita wiki iliyopita, akapima shamba letu kwa kamba akasema ni dogo, halafu akasema magugu ni mengi. Ismaël akamwuliza magugu hayo mengi yameota wapi kama shamba ni dogo. Hatukucheka mpaka yule bwana alipoondoka. Mbuzi mwenye pembe moja amezaa mapacha, na mpunga mwaka huu umekubali.

Sasa jambo langu. Mwili wangu unaujua. Wewe ndiwe uliyekuwa ukiniita mbele ya wageni ili nikunje kidole gumba kinyume mpaka kiguse mkono, nao wakishangaa wanatupa karanga. Tulikula karanga nyingi kwa vidole hivi. Lakini viungo vile vile leo vinaniadhibu. Juzi nilikuwa natwanga, nikainua mchi, bega likatoka mahali pake. Mchi ulishuka peke yake, mimi nikabaki na mkono unaoning'inia. Nililirudisha mwenyewe, nimezoea. Magoti yanateleza nikiinama mtoni. Nikisimama ghafla moyo unakwenda mbio na macho yanaingia giza. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala. Na kwa nje, Yaya, sina hata kidonda. Anayenitazama anaona mwanamke mzima aliyeketi tu.

Daktari wa malale alipita hapa na watu wake. Alinishika shingo kutafuta uvimbe, hakuona kitu, akasema sina ugonjwa. Nikamwonyesha bega. Akasema kazi yake ni shingo.

Basi nakuuliza wewe unayekaa mjini. Je, Kasongo kuna mtu, mtawa au padri au daktari au mzee yeyote, ambaye kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa wa namna yangu? Siombi dawa. Maumivu nayajua, tumekua pamoja. Moyo wangu ndio ninaouogopa. Naogopa kwamba asubuhi moja sitataka tena kuamka, na hakuna nitakayeweza kumwambia. Kwa Ismaël siwezi, ana mzigo wa kutosha.

Nijibu kwa mkono wa Moustapha, shofere wa lori la pamba.

Mdogo wako,
Régina


Kasongo, 25 Machi 1956

Mdogo wangu Régina,

Salamu zako zimefika, na yule mdogo asiyependa kusalimiwa amesalimiwa kwa nguvu. Sisi wazima. Emilienne anakusalimu sana. Mvua imeangusha ukuta wa jikoni, kwa hiyo kwa sasa tunapika mbele ya macho ya mtaa mzima na kila mtu anajua tunakula nini. Karakana ina kazi nyingi. Wameniagiza viti vya shule, na seremala mwenzangu amekwenda Kindu hajarudi, nadhani ameoa.

Kuhusu jambo lako, nimeuliza. Muuguzi mmoja ninayemfahamu amesema ulete mwili wako, watauchoma sindano. Nikamwambia dada yangu hataki dawa, anataka mtu. Akanitazama akauliza, mtu wa kufanya nini? Nikaenda misheni. Padri naye amesema umtolee Mungu mateso yako, na amekuombea, nilikuwapo.

Mimi nakuambia hivi. Usikae ukisikiliza moyo, moyo ukisikilizwa sana unazidi kusema. Jishughulishe na kazi nyepesi. Nimekutengenezea mkanda wa ngozi wa kufunga bega, Moustapha anao. Ukiona mishono imekwenda upande usinicheke, nilishona kwa haraka. Uwe unapumzika kwenye kile kitanda nilichokutengenezea ulipoolewa, sikukichonga ili kilaliwe na kuku.

Na yale maneno ya kutotaka kuamka usiyaandike tena. Karatasi inapita mikono mingi.

Yaya wako,
Grégoire


Wamaza, 6 Mei 1956

Yaya,

Tunawasalimu nyote. Mtoto mmoja wa mbuzi amekufa, mwingine anaruka. Ismaël anakushukuru kwa mkanda. Mishono kweli imekwenda upande, nimeshangaa, kwa maana hata sanduku la kuku ulikuwa ukilipiga msasa. Mkanda unashika bega vizuri lakini ukishika bega, kiwiko kinaona wivu kinatoka chenyewe.

Nimekwenda kwa mganga wa kienyeji, ndiyo, usigune. Alisema kuna mzee aliyekufa ananivuta viungo kwa sababu sikumsalimu. Nikamwuliza mzee gani. Akasema hata yeye hajui, ila ana hasira. Nikarudi nyumbani nikawasalimu wafu wote ninaowajua kwa majina, na usiku ule kifundo cha mguu kikatoka nikiwa nimelala.

Sasa Ismaël analima sehemu yake na yangu. Anarudi jioni, anapika, ananiuliza kama nimekula, nasema nimekula. Mara nyingi si kweli. Mama Louise, jirani yetu, alikuja akasimama mlangoni akasema, "Lakini Régina, leo unaonekana muzuri." Nikamshukuru. Alipoondoka nililia kwa sababu ya neno hilo.

Umesema nisiandike, basi siandiki. Vidole vinaachia kalamu. Usiposikia kutoka kwangu usihangaike.

Régina


Kasongo, 30 Juni 1956

Régina,

Emilienne ndiye anayekuandikia maneno haya, mimi nayasema nikiwa kazini, mikono yangu imejaa gundi. Tunakusalimu. Barua yako imenifikia, kisha nikatuma jibu la kwanza, hukujibu. Moustapha anasema hakukuona, anasema alipiga honi mbele ya nyumba na mume wako akatoka peke yake, akapokea, akashukuru.

Kwa nini husemi? Unakula? Nijibu hata kwa mstari mmoja. Chora hata mbuzi, nitaelewa.

Grégoire

Wifi, mimi Emilienne naongeza langu. Jibu tafadhali. Yaya wako halali.


Kasongo, 6 Agosti 1956

Kwako shemeji yangu Ismaël, Wamaza,

Sijui nianzie wapi kukusalimu, kwa hiyo nakushika mkono tu kutoka mbali. Moustapha ametuletea habari jana. Hakushuka kwenye lori kwa kuwa pamba ilikuwa inangojwa, lakini aliona. Aliona kitanda cha Régina kimetolewa nje, kimeegemezwa ukutani, mkeka umekunjwa juu yake, na wewe umekaa chini kando yake umeshika kichwa. Kila mtu wa kwetu anajua maana ya kitanda kilichotolewa namna hiyo. Moustapha alivua kofia. Alipofika Lusangi aliwaambia ndugu zetu, kisha akatufikia sisi. Shangazi Anastasie na wanawake wa Lusangi watakuwa wameshaanza safari ya kuja kulia kwako. Mimi nimenyoa nywele. Padri atasoma misa Jumapili. Siwezi kuja sasa hivi, nitakueleza siku nyingine ni kwa nini.

Shemeji, nataka ujue ulikuwa umeoa nani. Nadhani unajua, lakini acha nikuambie, nisipomwambia mtu nitapasuka.

Régina alipokuwa msichana, shuleni kwa watawa, siku moja tulikuwa kanisani, yeye amesimama na waimbaji. Walipoinua mikono niliona bega lake likitoka. Niliona umbo la bega likibadilika chini ya nguo. Uso wake ukawa wa kijivu. Kisha kwa mkono wa pili akalishika, akalisukuma, likarudi, na hakukosa hata neno moja la wimbo. Watu wote mle ndani hawakujua. Mimi nilijua.  Tangu siku ile nimekuwa nikimstaajabia mdogo wangu kuliko ninavyowastaajabia maaskari na machifu, na sikumwambia kamwe, kwa maana tulikuwa watu wa kutaniana tu.

Watu wanasema mwenye nguvu ni yule anayebeba gunia. Mimi nimechonga mbao ngumu za msitu huu wote, sijaona kitu kigumu kama yule mwanamke aliyekuwa analegea kila kiungo.

Aliniomba mtu, shemeji. Nikampelekea mkanda.

Mzike vizuri. Mlaze upande wa kushoto, bega la kulia humwuma.

Shemeji yako,
Grégoire


Wamaza, 26 Agosti 1956

Yaya Grégoire,

Kaa kwanza. Kama umesimama na randa mkononi iweke chini, kisha usome. Ni mimi Régina ninayeandika, kwa kalamu ya risasi niliyoizungushia kitambaa ili vidole visiteleze. Nakusalimu, nakushukuru kwa kunililia, na nakuomba uache.

Kitanda kilikuwa na kunguni.

Ismaël alikitoa nje kukimwagia maji ya moto, akakiegemeza ukutani kikauke, akakaa kando yake kwa kuwa alikuwa amechoka, maskini. Mimi nilikuwa ndani sakafuni. Sikumsikia Moustapha akipita, na kama ningemsikia nisingetoka. Kwa sababu, Yaya, Moustapha hakukosea sana. Nilikuwa nimeacha kula. Nilikuwa nimeugeuzia ukuta uso wangu, nikihesabu njia ya kwenda mtoni na kuona ni fupi. Nayaandika sasa maneno uliyoyakataza, kwa sababu nimeshayasema kwa sauti mbele ya watu, na paa la nyumba halikuanguka.

Sikiliza ilivyokuwa. Asubuhi moja, siku chache baada ya kitanda kutolewa, Ismaël alinisihi nikae mlangoni nipate jua. Alinipa ungo wa mchele nichague mawe, nadhani ili nisionekane bure. Nikasikia kilio barabarani. Nikafikiri, ni nani amekufa huko? Nikawahurumia. Kilio kikaja, kikakata kona, kikaingia kwetu. Mbele alikuwa shangazi Anastasie, dada wa marehemu baba yetu, kitambaa kimefungwa kiunoni, mikono kichwani, analia jina langu. Nyuma yake wanawake wa Lusangi na vikapu na mikeka. Shangazi alijitupa chini uani, akabingirika kama desturi inavyotaka, akainua uso uliojaa vumbi, akaniona na ungo wangu.

Waliokuwa nyuma wakagongana, Yaya, mikeka ikaanguka. 

"Régina," akasema. "Uko muzimu ao uko mutu?"

"Niko mutu, shangazi."

"Mutu wa kula?"

"Wa kula."

Akasimama, akajipangusa vumbi, akakasirika kweli kweli. "Sisi tumetoka Lusangi na miguu! Tumelia njia yote, sauti imekauka, na wewe uko hapa unachagua muchele!"

Ismaël alitoka mbio. Alipoelewa alianza kuomba msamaha kwa ajili ya kitanda, kwa ajili ya kunguni, kwa ajili ya Moustapha, akasema watapika, watakula, kisha watasindikizwa warudi. Shangazi akamkatiza. Unajua desturi ya kwao Lusangi, chakula cha matanga kikishatoka nyumbani hakirudi, lazima kiliwe penye matanga. Walikuwa na mchele, mihogo, mawese na kuku watatu. Shangazi akasema, "Mimi sirudi na ile muchele. Na machozi yangu pia, nimeileta huku, sirudi nayo. Tunakaa. Mutuambie tu nani amekufa."

Wanawake wakacheka. Mimi nilitaka kucheka nao. Nikafungua mdomo nikasikia nasema, "Bega langu."

Wakacheka zaidi. Nikasema tena, "Bega langu limekufa. Na mikono yangu ya kutwanga. Na miguu iliyokuwa inanipeleka mtoni na kunirudisha na mtungi. Na yule Régina aliyekuwa anacheza ngoma mpaka asubuhi, yule amekufa zamani, na hakuna aliyekuja kumlilia."

Hakuna aliyecheka tena.  Shangazi Anastasie akatandika mkeka wake ndani ya nyumba yangu, akakaa, akaanza kulia. Akalilia bega langu kwa jina, Yaya. Aliliimbia bega maneno wanayoimbiwa watu. Wengine wakaingia, wakatandika, wakalia naye. Mama Louise akasikia, akaja mbio kutoka kwake, akauliza, akaelezwa, akakaa chini na kuanza na yeye.  Nilikuwa nimekaa katikati ya matanga yangu mwenyewe, nikiwa hai, na watu wazima wenye mashamba yao wanalilia magoti yangu.

Wakakaa mpaka matanga yalipoondolewa kwa desturi. Nataka uelewe kitu kilichonishangaza kuliko vyote, nami mpaka leo nakitazama kwa mshangao. Kwenye matanga hakuna anayemwuliza mfiwa kama maumivu yake ni ya kweli. Hakuna anayemwambia unaonekana mzuri. Hakuna anayemwambia inuka, jishughulishe. Anakaa, na wengine wanakaa naye, wanampikia, wanamwosha, na akitaka kusema anasema, na akinyamaza wananyamaza. Tangu tumezaliwa tumekuwa nacho hiki kitu, kila kijiji kinacho, na mimi nilikuandikia Kasongo kuuliza kama kipo.

Siku ya pili niliwaambia kuhusu mto. Nilisema yote. Mama Louise alinishika mguu.

Na shangazi akainua mkono wake wa kulia, akakunja kidole gumba nyuma mpaka kikagusa mkono. Yaya! Mwanamke mzee yule, na kidole kile! Akasema, "Unafikiri uliokota wapi hii mwili? Hata mimi. Hata baba yenu, alikuwa anaanguka njiani, anasema ni jiwe. Babu yenu pia. Sisi wote ni watu wa kutoka-toka." Amekaa na mwili huu miaka yote, amezaa, amelima, amelia kwenye matanga ya watu, na hakumwambia mtu kwa kuwa hakuna aliyemwuliza. Nilimshika mkono ule nikaugeuza huku na huku. Sikuwahi kuona mkono mwingine unaofanana na wangu. Nilihisi nimekutana na mtu wa nchi yangu.

Usifikiri amegeuka malaika. Anakoroma, anagombana na wenzake juu ya vipande vya kuku, na alimwambia Ismaël kwamba anapika majani ya sombe vibaya. Lakini amenionyesha kulala na kitambaa kilichokunjwa chini ya bega na kingine katikati ya magoti, na kukaa ninapotwanga, na kuacha kukunja vidole ili kufurahisha wageni. Hayo hayaponyi. Bega limetoka tena juzi. Ila nilipiga kelele, nao wakaja.

Barua yako kwa Ismaël ilifika wakati wapo. Moustapha alisimamisha lori, akashuka, akaniona, akaweka barua chini akaisukuma kwa fimbo. Ismaël hajui kusoma, unajua mimi ndiye msomaji wa nyumba. Kwa hiyo niliisoma mimi, kwa sauti, mbele ya matanga. Nilipofika pale kanisani, pa bega na wimbo, niliweka barua chini. Sikujua kama uliniona. Miaka yote hii nilidhani nilikuwa peke yangu siku ile.

Sasa wanawake wa hapa wamekubaliana, wakitoka shambani siku ya soko wanakuja kwangu na mikeka yao. Mara nalia, mara tunasengenya watu. Anakuja pia mama mmoja wa mtaa wa Waislamu ambaye amefiwa na watoto watatu na hajawahi kulizungumza. Anakaa tu. Juzi alisema jina la mmoja.

Shangazi ameniuliza swali moja na mimi nalileta kwako. Alisema, "Na Grégoire, mutoto wa baba yule yule, yeye viungo yake iko namna gani?" Nikamwambia Yaya ni mtu mwenye nguvu. Akaguna. Nikakumbuka mishono iliyokwenda upande, na barua iliyoandikwa na Emilienne, na maneno kwamba huwezi kuja na utaeleza siku nyingine.

Eleza.

Mdogo wako aliye hai,
Régina


Kasongo, 23 Septemba 1956

Régina. Régina. Régina.

Nimeandika jina lako mara tatu ili kuona kama karatasi itakataa. Haikukataa. Moustapha alipoleta bahasha nilitambua mwandiko, nikakaa pale pale kwenye vumbi la mbao. Emilienne alidhani nimejikata. Nilimwonyesha jina, naye akakaa. Watoto wakaja wakatukuta wote wawili chini, wakakaa nao bila kuuliza. Sijui ni nani duniani amewahi kupewa kitu kama hiki. Nimetembea mtaani na kichwa changu kilichonyolewa nikiwaambia watu, yu hai, yu hai, mpaka mwenye duka akaniambia Grégoire nenda kalale.

Padri ameuliza tufanye nini na misa iliyokwisha kusomwa. Nimemwambia aiweke akiba. Alicheka, kisha akaacha kucheka, akaniomba nimsimulie tena habari ya wanawake wale. Nilimsimulia mara mbili. Akasema angependa kuwaona.

Sisi wazima, ukuta wa jikoni umesimama. Yule seremala aliyekwenda Kindu kweli ameoa.

Unasema nieleze. Sijui kueleza vitu hivi, kwa hiyo nitaandika upesi. Kifundo cha mkono wangu wa kulia kinatoka. Kilianza mwaka jana, nikisukuma randa, kikaachia. Sasa hata cha kushoto. Nimemwambia Emilienne ni mbao ngumu, nimewaambia wateja ni gundi. Viti vya shule sikuvimaliza, vimepewa fundi mwingine. Safari ya kuja kukuzika sikuiweza kwa kuwa nisingeweza kushika upande wa lori njia yote. Naamka naenda karakana kabla watu hawajaamka, nafunga mlango, nakaa kati ya mbao, sifanyi kitu. Emilienne anasikia kimya na anajua, lakini tunajifanya. Fundi asiye na mikono ni nani? Hilo ndilo ninalojiuliza humo ndani, asubuhi baada ya asubuhi, na majibu yake si mazuri. Yanafanana na yale uliyoyasema kuhusu mto.

Haya, nimesema. Mimi ni mwanamume, mimi ni mkubwa wako, nitavumilia. Wewe kaa na wanawake wako upate nguvu. Usiniletee watu. Na usihangaike juu yangu, mimi ni mzima.

Yaya wako,
Grégoire


Wamaza, 17 Oktoba 1956

Yaya,

Salamu leo ni fupi kwa sababu Moustapha anangoja na injini inanguruma. Siku hizi ananipa barua mkononi, ila bado anatazama miguu yangu kama inagusa chini.

Barua yako nimeisoma peke yangu, nikalia. Kisha nikamsomea shangazi Anastasie, ambaye tangu Agosti anasema atarudi Lusangi kesho. Hukunipa ruhusa, nimejipa. Alisikiliza mpaka mwisho, pale uliposema usiniletee watu. Akasema ni barua nzuri, kisha akaenda kufunga mikeka.

Tunakuja. Mimi, yeye, Mama Louise, na yule mama aliyetaja jina la mwanawe. Ismaël anakuja pia, akae na wanaume watakaokaa nje uani kwako, kwa sababu anasema mwanamume naye lazima apate wanaume wa kukaa naye, na kwamba yeye mwenyewe ana mengi ya mwaka huu ambayo hajayasema. Sikujua hilo. Nimelala kando ya mtu huyu miaka yote hii sikujua. Moustapha ameahidi kutupakia juu ya magunia ya pamba, mahali laini, na kuendesha polepole penye mashimo. Bega litatoka njiani, hilo nalijua. Nitalirudisha.

Mwambie Emilienne asipike, tuna mchele wetu, nao ukishatoka nyumbani haurudi. Mwambie padri kwamba kama anataka kuona, alete mkeka wake. Waambie majirani wasiogope wakisikia kilio kinaingia mtaani kwenu.

Wewe fungua mlango wa karakana ukae hapo hapo, kati ya mbao. Shangazi ataingia wa kwanza, atakuuliza ni nani amekufa. Usimwambie kwamba wewe ni mzima.

Mdogo wako,
Régina